Mashine ya Mama Mkwe

Kabla sijasema lolote juu ya Maître Gaspard, niseme juu ya toga yake. Toga ya wakili ni nyeusi, na rangi nyeusi haifichi kitu. Ya Gaspard ilikuwa na unga mweupe mabegani, mwembamba, siku zote, hata msimu wa mvua ambapo mji mzima wa Uvira hauna vumbi ila matope. Alikuwa akisimama mbele ya majaji, anainua mkono kwa madaha, na pumba ya mpunga inadondoka kutoka kwenye mkunjo wa toga mpaka sakafuni. Majaji waliiona. Makarani waliiona. Sisi mawakili wenzake tuliiona tukajitia hamnazo, kwa sababu wengi wetu walikuwa na pumba yao mahali fulani.

Mimi ni Maître Eliane, maana kwetu kila wakili huitwa Maître. Watu husema nina mdomo, na ni kweli, ndio unaonilisha. Wakati ule nilikuwa mjumbe wa baraza la nidhamu la mawakili, lile linalomwita wakili aliyevunja masharti na kuamua kama ataendelea kuvaa toga au atafutwa. Niliwekwa pale kwa sababu sina duka, sina pikipiki za kukodisha, sina mume wa kumwandikia mali, na wenzangu walidhani mtu wa namna hiyo atakaa kimya kwa shukrani. Walikosea.

Sharti lenyewe halihitaji akili nyingi. Kwetu wakili haruhusiwi kuwa mfanyabiashara. Unaliacha duka nje ya mlango, ndipo unaingia na kuapa. Maana yake inaeleweka hata kwa mtoto: mtu anayenunua na kuuza ana ugomvi wake mwenyewe, na siku moja ugomvi huo utakutana uso kwa uso na ugomvi wa mteja wake. Gaspard alipoomba kupokelewa, kila mtu alijua kwamba ana mashine ya kukoboa mpunga kule Luberizi, kando ya barabara ya kwenda Bukavu. Baraza lilimwambia waziwazi: tunakupokea, lakini mashine iache. Akaapa kwa sauti iliyowatoa machozi shangazi zake. Kisha akaleta hati ya kuonyesha kwamba ameiuza, na mnunuzi alikuwa Mama Marie-Jeanne wa mtaa wa Kimanga, mama mzazi wa Alliance, mke wake.

Hapo sina budi kumpa haki yake. Wenzetu wengine huandika mali kwa jina la mke, na kila mtu anacheka, kwa sababu nani asiyejua kwamba duka la mke wa wakili ni duka la wakili. Wengine huandika kwa jina la kaka, na baada ya miaka michache kaka anajenga nyumba ya ghorofa na wakili anabaki kumtazama. Gaspard alimtafuta mtu ambaye hakuna atakayethubutu kumhoji. Kwetu huku, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani machoni. Hawali sahani moja, hawakai benchi moja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kinachotakiwa kupita baina yao kinawekwa chini, na mwingine anakiokota. Njia ikiwakutanisha, mwanaume anashuka pembeni mpaka mama apite. Na neno la mama mkwe halikanushwi mbele za watu, hata akisema mvua inanyesha wakati jua linawaka.

Basi nani angemwita mama wa watu mbele ya baraza, amuulize habari za mashine na mkwewe akiwa amesimama palepale? Ingekuwa aibu kwa aliyeuliza na kwa aliyeulizwa. Wenzangu waliposikia jina la mnunuzi walitikisa vichwa kwa heshima, kama mafundi wanaotazama kazi ya fundi mwenzao. Mmoja alisema, "Huyu mutoto iko na kichwa." Kichwa alikuwa nacho. Hata mimi nilikiona, kilikuwa kimejaa pumba.

Ikapita miaka, na hakuna aliyesema neno. Halafu akaja Pontien.

Pontien ni mkulima wa mpunga wa Luberizi, mtu mrefu, mpole kupita kiasi, wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Msimu ule alipeleka mpunga wake wote kwenye ile mashine. Utaratibu wa pale unajulikana: unaacha magunia yako, mashine inakoboa, mwenye mashine anakata fungu lake la mchele na pumba, wewe unarudi na kilichobaki. Vijana wa mashine walimwambia injini ni mbovu, aache magunia, arudi wiki ijayo. Aliporudi, injini ilikuwa inanguruma vizuri na magunia yake hayapo. Aulize nani? Wakamwambia mwenye mashine ni mama mmoja wa Kimanga. Pontien hakutaka kumfuata mama wa watu bila kufuata sheria. Akapanda gari mpaka Uvira kutafuta wakili.

Na kwa kuwa watu wote wa bondeni kule Luberizi walisema kuna wakili mzuri, mtoto wa kule kwao, akaenda kwa Maître Gaspard.

Nimejaribu mara nyingi kufikiria uso wa Gaspard siku ile, mkulima ameketi mbele yake akimweleza jinsi alivyoibiwa na mashine ya Luberizi. Mwenye aibu hata kidogo angesema, papa, kesi hii siiwezi, nenda kwa mwingine. Gaspard alivuta pumzi kwa huzuni. Akaandika. Akamwambia Pontien kwamba wizi wa namna ile unamuuma sana rohoni. Akaichukua kesi ya kuishtaki mashine yake mwenyewe, akaitia ndani ya kabati, akafunga kabati.

Kila mara Pontien alipokuja alijibiwa kwamba dosye, yaani faili lake, iko kwa jaji. Jaji amesafiri. Jaji ni mgonjwa. Jaji amebadilishwa. Mpaka siku moja Pontien alikuwa anapita kando ya ile mashine na jembe begani, akamwona wakili wake amesimama juu ya mzani, bila koti, nywele nyeupe kwa pumba, akiwafokea vijana wapakie lori upesi. Pontien akasimama. Akamsalimia. Na Gaspard, bila hata kupepesa macho, akamjibu, "Papa Pontien, niko huku juu ya dosye yako. Niko nafanya anketi."

Pontien alimshukuru. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alimshukuru, akaenda nyumbani, akawaambia majirani kwamba wakili wake ni mtu wa kazi, amekuja mwenyewe kufanya uchunguzi mpaka amejaa vumbi. Majirani walicheka hadi wakaketi chini. Ndipo akaelewa, na ndipo alipokuja kumshtaki kwetu barazani.

Mashtaka yakawa hivi: kama mashine ni ya Gaspard, amevunja sharti la kupokelewa kwake, anafutwa, toga inarudi kabatini milele. Kama ni ya mama mkwe, hana kosa. Kila kitu kilining'inia hapo, mashine ni ya nani. Wenzangu barazani walikuwa wameshajibu kabla ya kusikiliza. Nilijua, kwa sababu siku moja kabla ya kikao niliwakuta wakila samaki pamoja, mkuu wetu Bâtonnier Étienne akiwa katikati, na mazungumzo yakakatika nilipofika. Bâtonnier ana nyumba ya wageni kando ya ziwa, kwa jina la shemeji yake. Ziwa lilipopanda lilimeza vyumba vya nyuma, na aliyelia siku ile hakuwa shemeji.

"Eliane," aliniambia, akifuta vidole, "usitupeleke mbali. Kijana iko na familia."

"Na Pontien iko na nini?" nikamuuliza.

Alimwita mhudumu alete pilipili.

Kikao kilifanyika katika darasa la shule moja ya Kimanga, kwa kuwa chumba chetu cha kawaida kilikuwa bado kinanuka maji ya ziwa. Watu wazima wenye toga tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na kidevu. Ubaoni kulikuwa na somo la jiografia, mito ya Kongo, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Pontien aliketi nyuma kabisa, kofia mapajani. Gaspard aliketi mbele na mtetezi wake, Maître Aimé, kijana mwenye viatu vilivyochongoka ambaye alianza kwa kusoma Kifaransa kirefu kiasi kwamba kuku wawili waliingia darasani, wakasikiliza, wakatoka.

Zamu yangu ya kuuliza ilipofika, nilisema kwamba nimesikia mengi juu ya mnunuzi wa mashine lakini sijamwona. Nilitaka kujua tu kama baraza lina haya ya kumwita. Bâtonnier akaanza kukohoa na kusema kwamba desturi ni desturi, mama wa watu hawezi kuburutwa. Angeendelea hivyo mpaka jioni. Lakini Gaspard mwenyewe akasimama, ametabasamu, ananitazama mimi.

"Akuye," akasema. "Atasema neno moja tu, na Maître Eliane atalala vizuri."

Hapo nilijua kwamba amemfundisha. Hakumfundisha yeye mwenyewe, angewezaje, alimtuma Alliance. Na alikuwa na hakika na somo lake kiasi kwamba alitaka kuniona nikiaibika mbele ya watu. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu pia, kwa sababu neno moja lilitosha kweli, na Pontien angerudi Luberizi mikono mitupu.

Mama Marie-Jeanne hakuwa mbali, anaishi barabara ya pili. Aliingia amejifunga kitenge kipya cha kanisa na kilemba cha rangi ileile, mama mnene mwenye hatua za polepole, wa chama cha akina mama pale parokiani. Alipokanyaga tu kizingiti, Gaspard aliruka kutoka kwenye dawati kama aliyekalia siafu. Hakuna pa kwenda, darasa ni dogo. Akaenda mpaka ubaoni akageuza uso, pua yake karibu na mto Ruzizi, mgongo kwetu sote. Mama naye alikaa kiubavu, kilemba kimevutwa upande, ili asimwone. Ndivyo inavyotakiwa, na hakuna aliyecheka. Hata mimi, nisiyeheshimu mengi, nilikaa vizuri.

Bâtonnier alitumia sauti ya asali.

"Mama, karibu sana. Usiogope. Tuko na swali moja tu. Ile mashini ya Luberizi ni ya nani?"

"Ni yangu," akasema Mama Marie-Jeanne.

Niliona mabega ya Gaspard yakishuka pale ubaoni. Maître Aimé akaanza kukusanya makaratasi. Bâtonnier akafunga faili kwa viganja viwili, taratibu, kama padri anayefunga misale.

"Aksanti, mama. Imeisha. Unaweza kurudia ku nyumba."

"Bado, papa," akasema mama. "Siyamaliza."

Bâtonnier akamtazama. Mama alikuwa ametulia, mikono mapajani.

"Mashini ni yangu," akarudia. "Batu ya kodi bakakuya kwangu, bakaniuliza kodi ya mashini. Nikabaambia minye siko na mashini, niko na kuku. Bakanikalisha mu biro yabo kutwa nzima, muntu sawa minye, mama wa kanisa. Kisha batu ya Luberizi bakakuya ku mulango, banasema, mama, urudishe muchele yetu. Sikubajua. Siku ya Mungu, niko nakaa ku benchi ya kanisa, banamama banasogea. Banasogea juu ya nini? Juu minye njo mwizi wa Luberizi."

Hakupandisha sauti. Alisema kama anayeeleza bei ya ndagala sokoni.

"Nikauliza mutoto wangu, Alliance, ni mashini gani hii yenye inaharibisha jina yangu? Akaniambia, mama, weye sema tu ni yako. Bakikuuliza, sema tu vile. Basi nimesema. Nimesema mbele ya bakubwa. Ni yangu." Akapumzika kidogo. "Sasa niko nauliza minye. Kama ni yangu, funguo iko wapi?"

Nami nikatazama ubaoni, na wote wakatazama ubaoni, kwa sababu hakuna aliyeweza kutotazama. Gaspard alikuwa ametugeuzia mgongo kwa heshima, toga imevutwa upande, na nyuma kiunoni, pamoja na ufunguo wa gari, ulining'inia ufunguo mkubwa wa kufuli, umefungwa mpira mwekundu ili usipotee. Angetukabili sisi tusingeuona. Desturi aliyojificha ndani yake ndiyo ilimgeuza.

Nilisimama. Sikuwahi kusimama kwa furaha namna ile katika kazi yangu yote, na sioni haya kuikiri.

"Maître Gaspard," nikasema, "umesikia mama. Umetuapia kwamba mashine si yako. Je, mama amesema kweli?"

Alikuwa na njia mbili tu, zote wazi mbele yake kama ile mito ubaoni. Aseme mashine ni yake, basi amemwita mama mkwe wake mwongo mbele ya watu na amepoteza toga. Aseme ni ya mama, basi ampe ufunguo. Nilimwona akihesabu. Shingo yake ililowa jasho, na jasho likachora mistari kwenye pumba.

Maître Aimé alimfuata ubaoni wakanong'onezana. Kisha Aimé akageuka akasema kwamba mteja wake anaomba kikao kiahirishwe.

"Sababu?" nikauliza.

"Sababu za kifamilia."

"Familia yote iko humu ndani," nikamjibu.

Gaspard akazungumza basi, lakini hakuweza kumwelekea mama, wala kumwita. Aliongea na ubao. "Maître Aimé, umwambie mama kwamba mashini ni yake kweli. Na funguo, umwambie, Alliance atamuletea kesho ku nyumba."

Aimé akageuka, akakohoa, akarudia neno kwa neno, ingawa mama alikuwa hatua chache tu na masikio yake ni mazima.

"Mukwe wako anasema funguo utaletewa kesho, mama."

"Umwambie mukwe wangu," Mama Marie-Jeanne akasema, bila kugeuza shingo, "kesho ni mbali. Funguo niko naiona."

Aimé alifungua mdomo ili apeleke ujumbe, akaona hauhitaji kupelekwa, akaufunga.

Mkono wa Gaspard ulishuka kiunoni polepole, ukahangaika na pete ya funguo, ukakosa, ukarudi tena. Mpira mwekundu ulimsumbua. Hatimaye ufunguo ukatoka. Akainama, bado uso ubaoni, akauweka chini sakafuni nyuma yake, kama inavyotakiwa, mbali na mkono wa mama. Hakuna mjumbe aliyesogea. Walikuwa wanautazama kama nyoka. Basi nikatoka mimi kwenye dawati, nikauokota, nikauweka katika kiganja cha Mama Marie-Jeanne. Ulikuwa na joto la mwili wa Gaspard, na meno ya ufunguo yalikuwa yamejaa pumba.

"Aksanti, binti yangu," mama akaniambia. Kisha akamwelekea Bâtonnier. "Muandike, papa. Muandike mashini ni yangu, mutie na kashe, muhuri yenu, ili muntu asikuye tena Luberizi kuniambia ingine."

Tukatoka nje kushauriana, chini ya paa la ukumbi wa shule. Nilitaka Gaspard afutwe. Nilisema wazi: ametudanganya wakati wa kuingia, amemsaliti mteja wake, amemharibia jina mama wa watu, na sasa hivi tu mmeuona ufunguo kiunoni mwake. Walinitazama kwa huruma ile wanayompa mtu asiyejua maisha. Kama mashine ni ya mama, wakasema, sharti halikuvunjwa. Kama sharti halikuvunjwa, Pontien naye hana la kulalamika, kwa kuwa wakili wake hakuwa na mashine. Pale Luberizi alikuwa anamsaidia tu mzazi. Mmoja alisema hata kwamba ni mfano mzuri wa heshima kwa wakwe. Walipiga kura, nikabaki peke yangu.

Lakini niliomba jambo moja. Nilisema, kwa kuwa mnamwamini, mwaminini mpaka mwisho. Andikeni kwamba mashine ni mali ya Mama Marie-Jeanne pamoja na kila kilichomo, na kwamba Maître Gaspard, kama wakili, hana ruhusa ya kukanyaga pale, kununua pale wala kuuza pale. Hawakuweza kukataa. Kukataa kungekuwa kusema kwamba wanajua. Bâtonnier alitia sahihi kwa mkono mzito, akagonga muhuri, na nilipomtazama usoni nikaona ameanza kumfikiria shemeji yake. Kabla hatujaingia ndani alishatoa simu, akasogea pembeni, na nikamsikia akisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Shemeji, habari ya siku nyingi. Unaendelea vizuri?"

Uamuzi ukasomwa. Gaspard hana kosa. Gaspard anabaki wakili. Maître Aimé alimpa mkono wa pongezi, na Gaspard akaupokea kama mtu anayepewa pole ya msiba.

Mama Marie-Jeanne aliinuka, akatembea mpaka nyuma ya darasa, akasimama mbele ya Pontien. Pontien aliruka akaanza kuomba radhi, kwa mazoea yake.

"Papa, njo weye wa ile magunia? Uliwaza minye njo mwizi?"

"Njo minye, mama. Unisamehe, nilikuwa siyajua."

"Hata minye nilikuwa siyajua," mama akasema. "Kesho nakwenda Luberizi. Ukuye na bale benye bako na magunia yabo. Tutapima muchele yenye iko mu depo, muntu achukue yake. Kisha siku ya Mungu ukuye kanisani kwetu, uambie bale banamama venye nimekurudishia."

Alikwenda kweli. Nilisikia kwamba vijana wa mashine walijaribu kumzuia, wakisema wao wanamjua Maître tu. Akawaonyesha karatasi yetu yenye muhuri na ufunguo wenye mpira mwekundu, kisha akafungua mlango mwenyewe. Pontien alipakia mchele wake. Leo mama anakaa pale siku za mavuno, kwenye kiti cha plastiki kando ya mzani, na wakulima husema fungu analokata ni la haki. Kanisani benchi lake limejaa.

Wiki ile Gaspard alikuja ofisini kwangu. Alifunga mlango nyuma yake, jambo ambalo wanaume hufanya wanapotaka kuomba kitu cha aibu. Alikuwa amekonda, au labda ni kwa sababu hakuwa amejaa unga.

"Maître Eliane," akasema, "ule uamuzi. Kuko njia ya kuukatia rufaa?"

Nilimwacha asimame.

"Nani akate rufaa? Ni weye ulishinda."

"Minye."

"Utasema nini?"

Akatazama dirishani. "Nitasema baraza ilikosea. Mashini haikukuwa ya mama."

"Sawa," nikamwambia. "Inawezekana kabisa. Unaandika kwamba ulidanganya ulipoapa, unatia sahihi, baraza linakaa tena. Na mama ataitwa, kwa kuwa mali ni yake. Utasema mbele yake kwamba alidanganya."

"Lazima akuweko?"

"Lazima. Na safari hii utamwangalia, maana darasa ile bamerudisha kwa batoto. Tuko na chumba yetu, haina ubao."

Sikumhurumia hata kidogo. Nilimfikiria Pontien akimshukuru pale kwenye mzani, na kila huruma iliyojaribu kuja ilirudi ilikotoka.

"Basi," akasema, na akatoka.

Hakukata rufaa. Anaishi kwa kazi ya uwakili sasa, kazi ambayo hakuwahi kujifunza, na wateja wa bondeni hawamfuati tena. Kila msimu Mama Marie-Jeanne humpelekea binti yake gunia la mchele. Linawekwa mlangoni, mama anaondoka, ndipo Gaspard anatoka na kuliingiza ndani. Mahakamani nakutana naye mara kwa mara, toga yake nyeusi ti, mabega safi. Juzi jaji mmoja alimsifu hadharani kwa unadhifu, na Gaspard akainamisha kichwa, akasema asante.